Hatukukuya, Walituleta: Utumwa, Shaba na Mpasuko wa Lualaba

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mnaoendelea na masomo,

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa historia. Swali alilotegemea lilikuwa hili: namna gani utumwa na kupanuka kuelekea magharibi viligawanya jamii ya Marekani. Alinisomea karatasi zake usiku, kwa tochi ya simu juu ya umeme ulikuwa umekatika. Alijua tarehe zote. Alipomaliza akafunga daftari na kuniuliza: “Yaya, na siye? Siye tulipasuliwa na nini?”

Nilikosa jibu, mimi mwenye diploma ya historia. Hapa Kolwezi tunajua kueleza vita ya watu wa mbali, lakini tukiulizwa kwa nini majirani wawili wa mtaa mmoja hawaoani, tunasema tu “ni mambo ya makabila” na kugeuza mazungumzo. Andiko hili ni jibu nililomtayarishia mdogo wangu, nalileta na kwenu.

1. Kwanza Marekani, kwa kifupi

Watu wengi wanafikiri kaskazini na kusini mwa Marekani walipigana kwa sababu upande mmoja ulipenda utumwa na mwingine uliuchukia. Si hivyo tu. Kwa miaka mingi pande zote mbili ziliishi nao. Kilichowapasua ni ardhi mpya.

Mashine ya kuchambua pamba ilipotokea mwaka 1793, pamba ikawa utajiri mkubwa, na pamba inataka ardhi na mikono. Ardhi ikatafutwa upande wa magharibi: sheria ya mwaka 1830 iliruhusu wenyeji Wahindi Wekundu kuhamishwa kutoka kusini-mashariki. Mikono ikanunuliwa: karibu watu milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya zamani ya pwani kwenda Alabama, Mississippi na Louisiana, na wengi wao waliuzwa mbali na mama zao na watoto wao. Kila jimbo jipya lilipotaka kuingia katika nchi, swali lilirudi: mahali hapa ni pa watumwa au pa watu huru? Mwaka 1820 wakachora mstari kwenye ramani. Mwaka 1854 wakaufuta, na watu wakauana Kansas. Mwaka 1860 Lincoln alichaguliwa kwa ahadi ya kuzuia utumwa usienee kwenye maeneo mapya. Hata hakuwa ameahidi kuufuta kule ulikokuwa tayari. Ilitosha. Vita ikaanza 1861, ikaisha 1865, zaidi ya watu 600,000 wakafa, na watu karibu milioni nne wakatoka utumwani.

Shikeni jambo moja katika hayo yote. Ardhi yenye mali inapofunguliwa, maswali mawili yanazaliwa siku hiyohiyo: nani atafanya kazi, na nani ataitwa mwenye nchi? Hayo maswali mawili yamekaa hapa kwetu tangu zamani, mbele hata Kolwezi haijakuwa na jina.

2. Bunkeya: mgeni anakuwa mfalme

Shaba yetu haikugunduliwa na mzungu. Wasanga na majirani zao waliiyeyusha kwenye tanuru za udongo wakati wa kiangazi, wakaimimina katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa fedha: ililipa mahari, ililipa kodi kwa wafalme wa Waluba na Walunda, ilisafiri mbali sana. Ndiyo sababu waliofanya kazi ile wakaitwa “wala shaba”.

Katikati ya miaka ya 1800 alifika mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, nchi ambayo leo iko Tanzania. Jina lake Ngelengwa, Msumbwa, mtoto wa mtu wa misafara. Sisi tunamjua kama Msiri. Alikuja na bunduki na watu wachache, akasaidia machifu wa hapa kupigana na adui zao, akaoa katika koo zao, halafu akawa mkubwa kuliko wao. Mji wake Bunkeya, ulioko leo ndani ya jimbo letu la Lualaba, ukawa soko kubwa. Watu wake wakaitwa Bayeke.

Msiri alishika biashara ya pande mbili. Mashariki njia ilielekea Unyamwezi mpaka pwani ya Zanzibar. Magharibi ilielekea Benguela, kwenye bahari ya Angola, kupitia wafanyabiashara Waovimbundu. Kilichotoka ni pembe za tembo, shaba, chumvi, na watu. Kilichoingia ni bunduki, baruti na nguo. Ukihesabu utaona duara lenyewe: bunduki inaleta mateka, mateka ananunua baruti, baruti inaleta mateka wengine. Chifu asiye na bunduki hakuwa na la kuchagua: ama atoe watu wa wengine, ama watu wake watolewe.

Upande wa magharibi wa jimbo letu mambo yalikwenda vilevile, kwa mikono mingine. Wachokwe, wawindaji wa tembo na wachumaji wa mpira, walishuka kutoka Angola. Pembe na mpira viliwapatia bunduki, na wanawake waliotekwa waliingizwa katika vijiji vyao, watoto wao wakakua kama Wachokwe. Katika miaka ya 1880 waliingia mpaka Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, wakauvunja. Mtu ambaye babu yake alilipa ushuru kwa Mlunda sasa alimwona Mlunda anakimbia. Majeraha ya namna hiyo hayaponi kwa kizazi kimoja.

Kwa hiyo, kabla Mbelgiji hajakanyaga hapa, jamii ilikuwa imekwisha kupangwa upya. Kulikuwa na Wasanga, wenye ardhi walioshindwa. Bayeke, wageni waliotawala. Walunda walioanguka na Wachokwe waliopanda. Na chini ya wote kulikuwa na watu wasiokuwa na ukoo wa kuwatetea, yaani wale walionunuliwa au kutekwa. Katika nchi ambayo mtu ni mtu kwa ukoo wake, kukosa ukoo ndiyo maana kamili ya utumwa.

3. Waliokuja “kuondoa utumwa”

Mwaka 1891 Wasanga walikuwa wameasi dhidi ya Msiri. Mwaka huohuo kapteni William Stairs, mzaliwa wa Canada, alifika Bunkeya na msafara wa wapagazi mamia kutoka pwani ya Zanzibar, ametumwa kwa faida ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Alitaka Msiri akubali bendera ya Dola Huru ya Kongo. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 ofisa Omer Bodson alimpiga risasi Msiri, na yeye mwenyewe akauawa. Mukanda-Bantu, mrithi wa Msiri, akachagua kuwa rafiki wa wazungu, na Bayeke wakawasaidia kupigana na Wasanga. Mpasuko wa zamani ukapata bwana mpya.

Neno lililobeba uvamizi ule lilikuwa kuondoa utumwa. Mataifa yalikuwa yamekutana Brussels mwaka 1889 na 1890 kwa jambo hilo. Lakini njia ya Benguela haikufungwa. Watu kutoka ndani ya Kongo waliendelea kupelekwa Angola, wakaandikishwa kwenye karatasi kama “watumishi wa mkataba”, wakapakiwa melini kwenda mashamba ya kakao ya São Tomé. Mwandishi Mwingereza Henry Nevinson alipita njia hiyo mwaka 1904 na 1905. Aliona pingu za mbao zilizotundikwa kwenye miti na mifupa ya watu kando ya njia. Hiyo ni karne ya 20, ndugu zangu, zaidi ya miaka 35 baada ya vita ya Marekani kwisha. Na kwenye karatasi kila mtu alikuwa “amekubali”.

4. Kutoka mnyororo mpaka kontra

Mwaka 1892 mtaalamu wa mawe Jules Cornet alitembea hapa, akaona utajiri ulioko chini. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Ardhi yenye mali ilikuwa imefunguliwa, na swali la kwanza likarudi: nani atafanya kazi?

Wenyeji walikuwa wachache, na wengi walipenda kuuza mahindi na muhogo kwa migodi kuliko kuingia shimoni. Walikuwa na akili. Basi mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kutafuta wafanyakazi. Waandikishaji waliwalipa machifu kwa kila kichwa, na kodi ya pesa iliwasukuma vijana watoke kijijini. Wengine waliletwa wamefungwa kamba. Katika kambi za miaka ile ya mwanzo magonjwa yaliua watu wengi.

Nisieleweke vibaya. Kontra haikuwa utumwa. Mtu alilipwa, aliweza kurudi kwao, mtoto wake hakuzaliwa akiwa mali ya mtu. Ukichanganya mambo mawili haya unamdharau yule aliyeuzwa kweli. Lakini alama za miguu zilikuwa za njia ileile: chifu anatoa watu wake wasio na nguvu, mwandishi anaandika jina, msafara unaondoka.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilibadilisha mpango. Iliona hasara ya kumleta mtu miezi sita halafu akimbie au afe. Ikaanza kontra za miaka mitatu, nyumba ya kambi, posho, dispensari na shule, mwanaume aje na mke wake. Watu wakaletwa kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Kiswahili kikafanywa lugha ya kazi, na ndiyo sababu mimi Kolwezi ninawaandikia lugha iliyozaliwa pwani ya bahari nisiyoiona bado. Kolwezi yenyewe ni mtoto wa mpango ule: mji ulianzishwa na kampuni mwishoni mwa miaka ya 1930.

Nkambo wangu mwanaume alishuka kwenye treni hapa mwaka 1949, kutoka upande wa Mwene-Ditu. Alifanya kazi Musonoi. Alioa mtoto wa Wasanga, nkambo wangu mwanamke. Tulipokuwa wadogo watu wakisema mbele yake kwamba Wakasai ni bakuyakuya, yaani watu wa kuja-kuja, alikuwa anajibu maneno mawili tu: “Hatukukuya. Balituleta.”

5. Mjukuu wa mgeni na “Katanga ya Wakatanga”

Swali la pili, nani mwenye nchi, lililala kambini miaka 30. Liliamka pale kura zilipofika. Wakasai wengi walikuwa wametangulia shuleni, wakawa makarani, wanyapara, wafanyakazi wa reli. Hiyo haikuwa akili ya damu, kama wengine wanavyopenda kusema. Ilitokana na nani aliwekwa wapi, na nani alifunguliwa mlango gani. Desemba 1957 ulipofanyika uchaguzi wa halmashauri za Elisabethville, watu wenye asili ya nje wakapata nafasi za juu. Mwaka 1958 ikaundwa CONAKAT, chama cha wale waliojiita Wakatanga wa kweli.

Angalieni ni nani waliokiongoza. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Aliyemfuata ni Moïse Tshombe, wa ukoo wa kifalme wa Walunda. Yaani sauti kubwa ya “wenyeji dhidi ya wageni” ilitoka katika nyumba ya mtu aliyetembea kutoka Unyamwezi na bunduki, miaka 100 tu nyuma. Sisemi hivyo kumchongea mtu. Nasema ili tuone kwamba “mwenyeji” ni neno la wakati: mgeni wa jana akikaa na kushika nguvu, anakuwa mwenyeji wa leo na anafunga mlango nyuma yake.

Na upande wa pili? Chama cha Wachokwe, ATCAR, kikaungana na Balubakat ya Jason Sendwe dhidi ya CONAKAT. Walunda huku, Wachokwe kule. Mistari ya miaka ya 1880 ilitoka ardhini kama mizizi baada ya mvua.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga imejitenga. Bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, ile fedha ya zamani. Kampuni iliendelea kulipa kodi yake kwa Katanga, na vita ikawaka kaskazini. Ilikwisha Januari 1963, na mji wa mwisho walioukimbilia viongozi wake ulikuwa huu wetu, Kolwezi.

6. Kituo cha treni

Mwaka 1967 serikali ilitaifisha migodi, baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 shaba ilikuwa inatoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Halafu mashine zikachakaa, fedha zikaliwa, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Mali ilipopungua, swali la nani mwenye nchi likawa kisu. Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, Mkasai, alichaguliwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama walikuwa tayari wanahubiri kwamba Wakasai waondoke. Waliwaita bilulu, wadudu. Likasi ilianza mwaka huohuo. Kolwezi ilifuata mwaka 1993.

Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Walilala kwenye vituo vya treni wiki na miezi, wakingoja mabehewa. Watoto wengi walikufa pale na njiani. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa na hawakuwa wamewahi kuiona Kasai.

Mdogo wake nkambo aliondoka na treni ile. Nkambo mwenyewe alibaki, juu ya ndugu za mke wake, Wasanga, walikuja usiku wakamchukua kijijini na kusema mbele ya vijana: “Huyu ni mukwe wetu, mtu asimguse.” Cherehani ya mdogo wake iliachwa kwa jirani. Mpaka leo binti wa jirani huyo anaitumia kushona nguo za shule, na kila mwaka mpya anatuletea kuku. Hatujawahi kulizungumza.

7. Na leo?

Leo chini ya miguu yetu kuna kobalti pia. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Vijana wanashuka kutoka Kasai kuja kuchimba kwa mikono, wale tunaowaita creuseurs, pamoja na vijana wa hapa waliokosa kazi. Reli ya zamani ya Benguela, inayokwenda bandari ya Lobito, inaamshwa ili ichukue mawe haya baharini. Ni upande uleule wa misafara ya Msiri. Na sokoni nimeanza kusikia tena neno lile: bakuyakuya.

Tofauti yetu na Marekani ni hii: kule mpasuko ulifuata mipaka ya majimbo na rangi ya ngozi, ukaonekana kwenye ramani. Kwetu unafuata kijiji cha baba. Hauonekani mpaka mtu aulize.

Mimi niliulizwa. Niliomba kazi katika kampuni moja, na fomu yao ilitaka jimbo la asili, wilaya na kijiji cha baba. Baba yangu alizaliwa katika kambi ya Musonoi. Kambi haikubaliwi kama kijiji. Nilikaa na kalamu dakika nyingi, halafu nikaandika kijiji cha nkambo wangu mwanamke. Kazi niliipata. Rafiki yangu wa darasa, mwenye alama kunizidi, aliandika ukweli wote. Hakuitwa.

Sijui kama nilidanganya. Damu ya yule mama ninayo, na ndugu zake ndio walituokoa. Lakini siku ile nilimfuta mwanaume aliyeshuka kwenye treni mwaka 1949, na hilo linanilemea kuliko uongo wowote.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Hatukupasuliwa na makabila. Wasanga na Wakasai hawakuwa na ugomvi wowote mbele reli haijawakutanisha. Tulipasuliwa na namna mali ya ardhi hii ilivyochimbwa: kila zama ilileta watu kwa ajili ya mikono yao, kisha ikawanyima watoto wao jina la mahali. Aliyetajirika alikuwa ameshaondoka, sisi tukabaki kuhesabiana vijiji.

Sisi wahitimu ndio tutakaokaa kwenye meza za kuajiri kesho. Wengine wetu wako pale tayari. Fomu itakapopita mbele yako, soma mstari ule wa kijiji cha baba, na ujiulize ni nani aliyeuweka pale kwanza, na kwa faida ya nani. Mimi nimemwandikia rafiki yangu wa darasa barua ya kumwambia nilichoandika. Bado hajajibu.